Wizara ya Afya Zanzibar: isimamie, au itibu yenyewe?

#1 KarafuuNyekundu (Wete)

Asalaam alaykum wanajukwaa.

Nina swali na nataka wanaojua wanijibu. Wizara yetu ya Afya kazi yake hasa ni ipi? Wizara hiyo hiyo inaajiri madaktari, inanunua dawa, inaendesha spitali, inakagua spitali za watu binafsi na inatunga sera. Mwaka ukimalizika inakwenda Baraza la Wawakilishi kueleza namna ilivyofanya vizuri. Mie naona tatizo linaanzia hapo. Mchezaji hawezi kuwa refa wa mechi yake mwenyewe. Spitali ziachwe zijiendeshe, Wizara ibaki na kupanga, kusimamia na kukinga maradhi.

Lililonisukuma ni hili. Juzi nilimpeleka mama kituo kimoja huku kaskazini kwa presha yake. Daktari kijana, ana adabu, kampima vizuri, kaandika dawa. Kufika dirishani tunaambiwa haipo, tukanunue. Mkuu wa kituo akaniambia wao wanaagiza lakini hawapangi wanacholetewa. Ofisi aliyonielekeza ikanielekeza ofisi nyengine, na hiyo nyengine ikasema wao wanapeleka kwa mujibu wa fedha zilizotoka. Katika wote hao hakuna aliyenidanganya, na mama dawa kanunua dukani kwa pesa zake.

Basi mwenye kubeba jukumu ni nani?

#2 Mgeni_Dodoma

Pole kwa mama, mkuu. Kwa nini hili msilipeleke kwa Waziri wa Afya huku Dodoma? Si ndiye wa Tanzania nzima? Na dawa si zinatoka MSD, bohari ya dawa ya serikali?

#3 SheriaKwanza

#2 hapana ndugu yangu, tulinyooshe hili mapema lisije likapoteza uzi mzima.

Afya si jambo la Muungano. Fungua Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya 1977. Mambo ya Muungano yako 22, utakuta ulinzi, uraia, mambo ya nje, elimu ya juu, lakini afya humo huikuti. Waziri wa Afya wa Dodoma anashughulikia Bara. Wa kwetu anateuliwa na Rais wa Zanzibar kwa Katiba ya 1984 na anajibu kwa Baraza la Wawakilishi. MSD ni ya huko kwenu. Sisi tuna Bohari Kuu ya Dawa, iko Maruhubi. Wa kusajili na kukagua dawa, nyie mna TMDA, sisi tuna ZFDA.

Dodoma inaingia kwa mlango mmoja tu. Mambo ya nje ni ya Muungano, kwa hiyo Shirika la Afya Duniani linaitambua Tanzania kama mwanachama mmoja. Mezani kule kiti ni kimoja, wizara ziko mbili.

#4 Mgeni_Dodoma

Nimekuelewa, ahsante. Kwa hiyo dawa iliyosajiliwa TMDA haiingii Unguja moja kwa moja?

#5 SheriaKwanza

ZFDA ina daftari lake na masharti yake. Wafanyabiashara wa dawa hilo wanalijua vizuri, na wanalilalamikia.

#6 Bi_Mwembeladu

Waalaykum salaam. KarafuuNyekundu mwanangu, pole na mama. Mie nimestaafu uuguzi, nimezalisha watoto ambao sasa wana wajukuu, kwa hiyo nipe nafasi niseme kidogo.

Unaposema Wizara iache kutibu, kumbuka kwa nini ilianza kutibu. Kabla ya Mapinduzi spitali za serikali zilikuwepo, lakini mtu wa shamba kuja mjini kutibiwa lilikuwa jambo la kuuza mbuzi. Serikali ya Mzee Karume ikatangaza matibabu bure mwaka 1965. Hapo tena Wizara ikawa daktari wa kila mtu, na watu wakaipokea kuwa ni haki yao. Ukimwambia mtu wa umri wangu kwamba Wizara isimamie tu na kutibu iwaachie wengine, masikioni mwake anasikia kwamba ile haki inaondolewa.

La pili ni visiwa vyenyewe. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 1,889,773. Ni wachache, na tumetawanyika. Spitali za binafsi nendeni mkazihesabu: nyingi ziko mjini Unguja. Visiwa vidogo kama Kojani nani atafungua? Makoongwe? Fundo? Uzi? Mfanyabiashara gani atavuka maji usiku kwenda kumzalisha mke wa mvuvi? Huko Wizara haitibu kwa kupenda ukubwa. Inatibu kwa sababu hakuna mwengine.

Nakubaliana nawe kwenye dawa. Kituo kisicho na dawa ya presha kimempima mgonjwa kikamrudisha na wasiwasi wake nyumbani. Nilikuwa nikiumia sana siku za namna hiyo. Mgonjwa anakuangalia wewe, haiangalii Wizara.

#7 Kijana_JangOmbe

Bi Mkubwa shikamoo. Mie nauliza kwengine. Wizara yenyewe imejenga nini? Mnazi Mmoja walijenga Warusi, ndo maana ikaitwa Lenin. Abdalla Mzee Wachina. Hizi spitali mpya za wilaya ni pesa za Uviko. Siku wageni wakiondoka tunabaki na nini?

#8 Mzee_wa_Kikwajuni

#7 kijana, Warusi hawakujenga Mnazi Mmoja. Ile spitali ni ya wakati wa Muingereza, miaka ya 1950, na jina lake la mwanzo lilikuwa Karimjee Jivanjee. Baada ya Mapinduzi ikapewa jina la V.I. Lenin, na baadaye tena ndipo ikaitwa Mnazi Mmoja. Warusi wameingia kwenye jina tu. Pengine unachanganya na Wajerumani Mashariki waliojenga zile nyumba za maendeleo hapa kwetu Kikwajuni.

Abdalla Mzee umesema sawa. Iko Mkoani, imejengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa 2016. Na madaktari wa Kichina hawakuja pamoja na jengo. Wanakuja kwa zamu tangu 1964, kutoka jimbo la Jiangsu. Kuna wazee Pemba wanaosalimiana nao kwa Kichina.

#9 Kijana_JangOmbe

Mzee umenipiga na tarehe zote hizo kwa sentensi moja! Haya, Muingereza. Bado swali langu liko pale pale, Wizara hawakujenga.

#10 BintiMichenzani

Kwani kazi ya Wizara ni kujenga? Matofali anaweza kufyatua yeyote. Mie nataka kujua nani anahakikisha ndani ya jengo mna mtu anayejua kusoma picha ya ekseree saa nane ya usiku.

#11 AbuSumayya

Nimeusoma uzi wote toka juu. Nimefanya kazi ya ufuatiliaji wa malaria wilayani, sasa niko kwengine, na nataka kuwaonyesha upande wa Wizara ambao haupangiwi foleni.

Mnakumbuka malaria ilivyokuwa? Kila nyumba ina mtoto anatetemeka, wodi za watoto vitanda vinalaliwa wawili wawili. Mwaka 2003 klorokwini ikaondolewa, ikaingia dawa mseto. Kuanzia 2006 vikaja vyandarua vyenye dawa na upuliziaji majumbani. Miaka michache baadaye, ukipima watu ovyo ovyo mitaani, wenye vimelea walikuwa chini ya asilimia 1. Siku hizo daktari kijana anaweza kumaliza mafunzo bila ya kuona malaria kali.

Watu wanadhani vyandarua ndiyo hadithi yote. Kazi kubwa ilikuja baada ya hapo. Tangu 2012 mgonjwa mmoja akipimwa kituoni akaonekana ana malaria, taarifa inaruka kwa simu kwenda kwa ofisa wa wilaya. Ofisa anapanda pikipiki anakwenda nyumbani kwa mgonjwa. Anapima nyumba nzima. Anauliza nani amesafiri, amelala wapi, chandarua kipo. Mara nyingi unakuta mtu kashuka na boti kutoka Bara wiki chache nyuma. Nimekwenda nyumba za watu mvua inanyesha, njia za migombani zimekatika, kwa ajili ya mgonjwa mmoja tu ambaye kesha kunywa dawa na yuko sokoni.

Hiyo ndiyo kazi ambayo hakuna spitali ya binafsi itakayoifanya, wala taasisi nyengine yoyote. Nani atalipa pikipiki kumfuata mtu asiyelalamika? Mie ukiniuliza Wizara ni nini, nitakwambia ni yule ofisa wa pikipiki.

#12 Fatma_Chaani

#11 umenigusa. Ongeza kichocho. Sisi Chaani tulikulia mabondeni. Mtoto wa kiume akikojoa damu wazee wanacheka, wanasema kesha kuwa mtu mzima. Mtoto wa kike anaficha. Wizara ndiyo iliyokuja skuli na vidonge vile vikubwa na ile fimbo ya kutupima urefu wajue tumeze vingapi. Tulikuwa tukikimbia, wengine wakivitia mfukoni. Leo wanangu wanakojoa vizuri, na nashukuru kwa dhati.

#13 Kizimkazi_Kwetu

Sisi wa kusini hatukuhitaji kukimbia, kichocho kwetu hakuna. Maji yetu masafi :)

#14 AbuSumayya

#13 ndugu yangu, usafi wenu siubishi ila hiyo siyo sababu. Konokono anayebeba kichocho anakaa mabonde na mito ya Pemba na upande wa kaskazini na kati Unguja. Kusini kuna jiwe, maji hayatuami kwa namna anayoitaka, na konokono wa jamii yake aliyeko huko habebi vimelea hivi. Wamebahatika na ardhi yao.

#15 Kizimkazi_Kwetu

Alhamdulillah kwa jiwe basi.

#16 Mtu_wa_Wawi

Na msisahau maabara yetu hapa Wawi, Ivo de Carneri. Ilifunguliwa 2000 kwa ushirikiano na Wataliana, iko chini ya Wizara. Miaka ya 1980 zipo skuli za Pemba ambazo zaidi ya nusu ya watoto walikuwa na kichocho. Mwaka 2012 Unguja na Pemba zikaanza jitihada ya kukikatia mzunguko kabisa, si kupunguza tu: dawa kwa watu wazima pia, kuua konokono, na kubadilisha tabia za watu mtoni. Kimeshuka sana. Kumalizika bado, maana kuna madimbwi ambayo kila mwaka yanarudi na watoto wanarudi nayo. Wanaojua habari hizo dunia nzima wanaijua Pemba, na sisi wenyewe tunapita barabarani hatujui mle ndani mna nini.

#17 KarafuuNyekundu (Wete)

Ahsanteni nyote. Bi Mkubwa nimekusikia, la Kojani sina jawabu lake.

Lakini #11, #12 na #16 mnanitetea mie bila ya kujua! Yote mliyoyasifu ni kinga. Malaria kinga, kichocho kinga. Hapo Wizara imefanya kazi ya kupigiwa mfano. Kwenye kutibu ndiko inakokwama. Basi si bora nguvu zote ziende kule inakokuweza?

#18 Hesabu_Mbele

#17 umekimbilia jawabu. Kinga imefanya kazi kwa sababu ya pesa, na pesa hizo nyingi hazikuwa zetu. Global Fund, ule mfuko wa dunia wa kupambana na malaria na maradhi mengine, wametupa mafungu yetu wenyewe, mbali na ya Bara. Wamarekani wamelipia upuliziaji na vyandarua kwa miaka. Mradi wa mfadhili una mafuta ya gari, una simu, una posho. Kituo chako cha Wete kinategemea bajeti ya serikali, na bajeti inatoka kwa vipande. Ipe dawa ya presha mfadhili kama wa malaria uone kama itakosekana dirishani.

Kwa hiyo mjadala wa refa na mchezaji mie siuoni. Ni nani analipa, basi. Na mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake tuliona wote namna roho zilivyopanda juu.

#19 AbuSumayya

#18 pesa sizikatai, mshahara wangu mwenyewe ulipita humo. Ila pesa peke yake haielezi. Mwaka 1957 Shirika la Afya Duniani lilianza kampeni kubwa ya malaria hapa, nyumba zikapigwa dawa Unguja na Pemba, malaria ikashuka sana. Ikasimamishwa 1968. Miaka ya 1970 ikarudi kama haijawahi kuondoka. Safari ile pesa na dawa zilikuwepo. Hakukuwa na mtu wa kubaki akiangalia baada ya ushindi.

Na tusijidanganye hata sasa. Mwisho wa 2023 kuingia 2024, mvua zilipokuwa kubwa, malaria ilipanda tena, mjini hasa. Wapo mbu wanaouma nje, mapema, watu wakiwa barazani. Chandarua hakikufuati barazani.

#20 Muuza_Juisi_Darajani

Nyie mnazungumzia kinga kama kitu kizuri tu. Mie kinga imenifilisi. Mwaka 2016 kipindupindu kilipopamba moto, vyakula na juisi barabarani vikapigwa marufuku. Nilikaa nyumbani na ndoo zangu. Sikatai, watu walikuwa wanakufa. Ila niulize: juisi yangu ilikuwa inachanganywa na maji gani? Maji ya bomba ni ZAWA. Mtaro uliofurika mbele ya kibanda changu ni manispaa. Aliyekuja kunifungia ni mtu wa afya. Wizara ya Afya ina kalamu ya kufunga lakini haina bomba wala mtaro.

#21 BintiMichenzani

#20 hilo ndilo zito kuliko yote yaliyosemwa hapa. Drip inamponya mgonjwa, lakini kipindupindu mtaani kinamalizwa na bomba. Chanjo ya kunywa tulipewa 2009, ikasaidia, 2015 hadi 2016 kikarudi vile vile mitaa ya maji machafu. Ndiyo maana ule mpango wa miaka 10 wa kukimaliza, 2018 hadi 2027, umewatia watu wa maji, wa mazingira na wa mabaraza ya miji. Wizara ya Afya humo ni mmoja kati ya wengi, lakini mgonjwa akifa jina linalotajwa redioni ni lake.

#22 Mkoani_Bandarini

Nikiongezea kwa #21. Machi 2024 Kisiwa Panza, watu 9 walifariki kwa kula nyama ya kasa, wanane katika hao ni watoto. Kisiwa kidogo, msiba kila mlango. Novemba 2021 pia walikufa watu Pemba kwa kasa. Kasa analindwa na sheria za uvuvi, kumvua ni kosa. Basi nani aliyeshindwa hapo? Uvuvi? Sheha? Afya? Watu wa afya walikuja, waliokoa waliookolewa, wakahubiri msile. Lakini kasa analiwa toka babu na babu, na mara nyingi haidhuru, ndiyo maana mtu haamini. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika na humjui kasa mwenye nayo kwa kumtazama.

Kumfanya mtu aache kitu alichokula utotoni akiwa salama ni kazi ngumu kuliko operesheni. Na mie naona hiyo ndiyo kazi ya Wizara, kupita mlango kwa mlango kabla ya msiba, ikiwatumia wale watu wa kujitolea wa afya ya jamii na imamu wa msikiti.

#23 Fatma_Chaani

Mungu awarehemu wale watoto. Amin.

#24 Diwani_Mstaafu

Naona kila mtu anasema Wizara iwe ndogo au iwe kubwa kama vile halijajaribiwa. Lilijaribiwa. Mwaka 2017 ulikuja ugatuzi: afya ya msingi, elimu ya msingi na kilimo vikashushwa kwenye serikali za mitaa. Vituo vya afya vikawa chini ya halmashauri. Nilikuwemo.

Faida ilikuwepo. Choo cha kituo kikiharibika wananchi wanakuja kwangu, si kwa Katibu Mkuu, na choo kinatengenezwa. Hasara pia ilikuwepo. Daktari wa wilaya hakujua anamsikiliza mkurugenzi wa halmashauri au Wizara. Fedha zilishuka kidogo, majukumu yakashuka yote. Baadaye vituo vikarudishwa Wizarani. KarafuuNyekundu, hicho unachokitaka kina jina na kina makovu.

#25 KarafuuNyekundu (Wete)

#24 tofauti ipo. Ugatuzi uliwapa wanasiasa wa wilaya. Mie nasema spitali iwe na bodi yake na bajeti yake, kama Mnazi Mmoja ilivyo na bodi.

#26 Bi_Mwembeladu

Mwanangu, na bodi nani anaiteua?

#27 Hesabu_Mbele

:) Bi Mkubwa kamaliza.

#28 Daktari_Kijana

Wengi mmezungumzia kana kwamba Wizara bado inafanya kila kitu yenyewe. Hapo mko nyuma kidogo. Baada ya Uviko zimejengwa spitali za wilaya Unguja na Pemba, huko kwenu Pemba kuna Kinyasini na Vitongoji, na ya mkoa huku Unguja, Lumumba. Katika spitali kadhaa za serikali, maabara na picha vimepewa kampuni binafsi kwa mkataba. Na kuna Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ZHSF, ulioundwa kwa sheria ya 2023, ulioanza na watumishi wa umma. Maana yake mlipaji, mtoaji huduma na msimamizi wameanza kutenganishwa. KarafuuNyekundu, unachokiomba kimeshaanza, kimya kimya.

Mie nafanya kazi ndani ya mpango huo na nasema yale niyaonayo. Kipimo kinatoka siku hiyo hiyo, zamani mgonjwa alikuwa anaambiwa mashine mbovu. Hilo ni jema kubwa. Linalonitia hofu ni jengine. Mkataba unaweza kuhesabu vipimo vingapi vimefanywa. Je, nani anahesabu kama kipimo kilihitajika? Anayehesabu lazima awe daktari, awe wa serikali, awe na muda na asiogope mtu. Watu wa namna hiyo Wizarani ni wachache na ndio wanaokimbiliwa na mashirika.

#29 SheriaKwanza

#28 sahihi. Na vyombo vya kusimamia vipo kisheria: Baraza la Madaktari, Baraza la Wauguzi na Wakunga, Bodi ya Ushauri ya Hospitali Binafsi, ZFDA, Mkemia Mkuu. Juu yao kuna Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na kamati za Baraza la Wawakilishi. Refa hatumkosi. Tunaye, ila anavaa jezi yenye nembo ya wizara ile ile, na KarafuuNyekundu hapo ana hoja hata kama jawabu lake silikubali.

#30 Kijana_JangOmbe

Kumbe na refa tunaye. Tatizo filimbi.

#31 Mama_Wawili

Samahani nimechelewa. Mie si mtaalamu. Wakati wa mimba yangu ya pili alikuwa akija nyumbani bibi mmoja wa kujitolea wa afya ya jamii, jirani yangu, na simu yake ya ule mpango wa Jamii ni Afya. Anauliza maswali, anaandika. Siku moja nilimwambia miguu imevimba na kichwa kinauma, akaangalia simu, akanambia leo hii twende kituoni, tusingoje kesho. Presha ilikuwa juu sana. Nikapelekwa spitali na tukatoka salama, mie na mwanangu.

Sijui yule bibi ni Wizara, ni shirika, ni mtaa. Kwangu mie yeye ndiye afya.

#32 Bi_Mwembeladu

Mashallah, Mungu akukuzie. Kifafa cha mimba hakina huruma, nimewaona wengi. Huyo bibi mpe salamu zangu.

#33 Hesabu_Mbele

#31 ni mpango wa serikali, uko shehia zote. Sasa ulizeni wenye kujitolea wanapata posho kiasi gani na kutoka wapi, mtarudi kwenye post yangu #18.

#34 Mtu_wa_Wawi

Na mtarudi kwa AbuSumayya #19 pia, kwamba lazima abaki mtu. Pesa bila ya mtu ilishafeli 1968.

#35 Diwani_Mstaafu

Na huyo bibi anaripoti kwa nani? Mkiwa na jawabu lake nitafuteni.

#36 Mgeni_Dodoma

Nimejifunza mengi kuliko nilivyotarajia. Jambo moja la kwangu binafsi: mwezi ujao nakuja Pemba kwa chombo cha kutoka Tanga, nakaa Wete kikazi. Kwa maelezo ya #11 mimi ndiye ninayeleta malaria. Nifanye nini?

#37 Kizimkazi_Kwetu

Pita Kizimkazi kwanza tukuoshe :)

#38 AbuSumayya

#36 karibu sana Pemba, na usijione mkosa, hata watu wa hapa wanasafiri na kurudi nayo. Huko utakakotoka lala ndani ya chandarua mpaka usiku wa mwisho. Ukifika Wete na chandarua pia. Ukihisi homa ndani ya mwezi mmoja baada ya kufika, hata ndogo, usinunue panadoli ukalala. Nenda kituo chochote cha serikali, waambie umetoka Bara, ile ni habari wanayoitaka. Wanakutoboa kidole, jawabu linatoka kabla hujamaliza kuwauliza habari za mji. Ikionekana ipo utapewa dawa, na baadaye atakuja mtu na pikipiki kupima nyumba unayokaa. Mwenyeji wako muambie mapema asije akadhani ni polisi.